Mawe ya Wasiorudi

Nyayo zilikuwa zinashuka tu. Hilo ndilo lililomshangaza Mikidadi asubuhi ile, kabla hata hajajiuliza zimetoka wapi.

Alikuwa amesimama korongoni, chini ya ngazi mpya za mawe, panga mkononi na daftari la ukaguzi kwapani. Kila kipandio kilikuwa na nyayo mbichi za maji. Miguu peku, vidole vimetanuka, mikubwa kwa midogo, yote ikitoka juu mlimani na kuelekea Lionja. Hakuna hata mmoja uliopanda. Na ulikuwa mwezi wa sita, ufuta umeshakatwa, kijito cha hapo korongoni kimekauka hadi vyura wamehama. Wageni huvaa buti, na wageni wenyewe walikuwa hawajaja, kwa sababu njia ilikuwa bado haijafunguliwa.

Akainama, akagusa yale maji, akanusa kidole. Harufu ya pwani maji yakiwa yamekupwa. Akalamba kidogo. Chumvi. Bahari iko Lindi huko, na Lindi kutoka Lionja ni safari ya kutwa kwa basi, likikubali kutoharibika. Mikidadi akafuta kidole kwenye suruali, akaandika daftarini, "Ngazi ziko salama," akaondoka kwa haraka kuliko alivyokuja.

Huyu Mikidadi ndiye aliyekuwa msimamizi wa Njia ya Mizigo, ile njia ya miguu inayotoka Lionja, upande wa Nachingwea, ikapasua msitu, ikapanda mlima, ikashukia Malolo, upande wa Ruangwa. Zamani misafara ilipita hapo kwenda Kilwa. Wengine walibeba pembe za ndovu, na wengine walikuwa wenyewe ndio bidhaa, wamefungwa kamba shingoni. Siku hizi watu huipita kwa hiari yao, na kofia zao na chupa zao za maji, wakilala njiani usiku mmoja kwenye mahema. Kazi ya Mikidadi ilikuwa kufyeka nyasi, kukata miti iliyolala, kusafisha mikanda ya kuzuia moto kabla kiangazi hakijakaza, kupaka rangi vibao. Aliipenda njia ile kuliko shamba lake la korosho, na Fatu mkewe alimwambia hivyo kila msimu wa palizi.

Juu kabisa, pale njia inapopenya kati ya vilima viwili, kuna lundo la mawe linalofika kifuani kwa mtu mzima. Pembeni yake kuna kibao, na maneno ya kibao aliyatunga Mikidadi mwenyewe baada ya kuwauliza wazee wa vijiji vitatu: "Kila aliyepita hapa kwenda pwani aliweka jiwe lake. Aliporudi alilichukua, akaenda nalo kwao. Mawe unayoyaona ni ya wasiorudi." Wageni wakishasoma hunyamaza. Mikidadi aliupenda ukimya ule, alikuwa anauacha ukae kidogo, halafu anasema, "Haya jamani, tunywe maji tuendelee."

Basi mtu huyohuyo, aliyekiandika kibao kwa mkono wake, ndiye aliyekwenda kuyatoa mawe.

Masika yalikuwa yameubomoa mteremko wa korongo. Wenceslaus, mtaalamu wa njia aliyehamishiwa Nachingwea kutoka Iringa, alipiga simu kusema kuna kundi la wageni kumi na wanane tarehe ishirini, wengi wao watu wazima wenye magoti mabovu, na bila ngazi hawapiti. Mawe mengine ya maana yalikuwa mbali, siku mbili za kubeba kichwani. Lundo lilikuwa mwendo wa dakika arobaini, tena kwa kushuka. Mikidadi akachukua vijana watano, na mkubwa wao, Huzaifa, akasita na jiwe la kwanza mikononi.

"Kaka, haya si ndiyo yale ya kwenye kibao?"

"Ya kwenye kibao ni maelezo ya wageni, Huzaifa. Hili ni jiwe. Beba twende."

Walishusha mawe sitini na nne, na ngazi zikatoka nzuri, zimenyooka, hazitikisiki. La sitini na tano lilikuwa dogo, jeupe, kama yai la kanga. Hilo Mikidadi alilitia mfukoni kwa ajili ya Raudha.

Raudha alikuwa binti yake wa pekee, miaka saba, bingwa wa mdako wa mtaa mzima. Alikuwa anakaa mbele ya kishimo cha kokoto, anarusha jiwe lake juu, anazoa kokoto, analidaka jiwe kabla halijagusa chini, na mdomo haukomi kuwatania wenzake. Jiwe lake la kurushia lilikuwa jeusi lenye mshipi mweupe katikati, aliloliokota mwenyewe mto Lukuledi, na hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Jambo jingine ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulifanya ni kumpokea baba yake mzigo. Kila jioni Mikidadi alisimama kwenye mkorosho wa kwanza, pembeni ya uwanja, akanyoosha begi lake lenye panga na chupa ya chai, na mtoto akaja mbio, akalipandisha kichwani, shingo inapinda kwa uzito. "Pole na njia, baba!" Mikidadi aliishi kwa ajili ya salamu ile. Siku aliyoleta jiwe jeupe, Raudha alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka shavuni, akasema lina baridi.

Jioni ya siku ile nyayo zilipoonekana, Fatu alikuwa jikoni anasonga ugali. Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha. Akasikia uwanjani kitu kizito kinatuliwa chini, puu, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyechoka, haaa. Akatoka na mwiko mkononi, akidhani ni mumewe. Hapakuwa na mtu. Lakini vumbi la uwanja lilikuwa limebonyea, na kata ya mtungini ilikuwa inachuruzika maji, kama mtu amekunywa sasa hivi.

Kesho yake Huzaifa alimfuata Mikidadi nyuma ya nyumba, akaongea huku anaangalia pembeni.

"Kaka, kwako kumefika?"

"Kumefika nini?"

"Usinifiche. Kwetu kunatuliwa mizigo kila magharibi. Mama anasema wako watatu, maana pumzi ni tatu. Na nyumba nzima inanuka bahari."

"Wenzako je?"

"Wote tuliobeba. Ambao hawakubeba hawana neno."

Mikidadi alimwambia anyamaze, watu wasije wakatangaza habari kabla wageni hawajafika. Hakusema kwa ubaya. Aliogopa, na mtu mwenye hofu hushika kazi yake kwa nguvu zaidi, hata kama kazi yenyewe ndiyo iliyomletea hofu.

Siku ya tatu Fatu alikuwa amekaa barazani anamsuka Raudha, kichwa cha mtoto kikiwa katikati ya magoti yake, giza likianza kuingia, na kutoka kule kwenye mikorosho akasikia, "Mama." Ilikuwa sauti ya Raudha. Akaangalia chini, akaona nywele za Raudha vidoleni mwake, akasikia tena, "Mama," safari hii karibu zaidi, sauti ileile lakini imekauka, sauti ya mtoto aliyelia sana mpaka machozi yakaisha, na Fatu akataka kuitika, kwa sababu mama akiitwa huitika kabla ya kufikiri, ulimi ulishainuka, na harufu ya mwani na kamba zilizooza ikamjaa puani, na ndipo Raudha akasema bila kugeuza kichwa, taratibu, "Ni yule mwenye jiwe. Anauliza kama wewe unafaa."

Fatu alimwinua mtoto, akaingia naye ndani, akafunga mlango, na hakumwambia mumewe mpaka alipoweza kusema bila kulia.

Kuanzia hapo Raudha alianza kupungua. Chakula alikigusa tu. Jasho lake lilikauka likaacha unga mweupe wa chumvi kwenye nguo. Shingoni kukatokea alama nyekundu ya kuzunguka, kama amevaa kamba na kuivua. Zahanati walimpima malaria, hana. Mwalimu wa madrasa akaja kusoma, akasoma vizuri na kwa muda mrefu, akasema ni majini na yatakwisha, lakini alipotoka akavikuta viatu vyake vimelowa chapachapa hapo mlangoni, akaondoka peku bila kuaga.

Halafu ikaja ile siku ya mchana. Jua la saa saba, watu wamejilaza, Huzaifa alikuwa anatoka korongoni akakutana na Raudha njiani peke yake, anaelekea mlimani. Kichwani alikuwa amebeba kanga ya mama yake, imefungwa furushi, na ndani mna kokoto zote za mdako.

"Raudha! Unakwenda wapi, nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma," akasema. "Tunabadilishana. Yeye amechoka, mimi sijachoka."

Huzaifa alimbeba mpaka nyumbani. Siku hiyohiyo Mikidadi alimpigia simu Bi Hadija wa Marambo, bibi wa matambiko.

Bi Hadija alikuja kwa bodaboda, amekaa upande, kopo la unga wa mtama mapajani. Hakutaka chai. Alimshika Raudha mkono, akanusa kiganja, akaliangalia lile jiwe jeupe ambalo mtoto hakutaka kuliachia, kisha akamgeukia Mikidadi.

"Shikamoo bibi," Mikidadi akasema.

"Marahaba. Nyie mlishusha mangapi?"

"Sitini na nne ya ngazi. Na hilo."

"Na kibao umeandika wewe?"

"Mimi."

"Sasa mwana, unaniita mimi nikwambie nini? Mwalimu amesema majini. Majini gani? Hawa watu. Hawa mahoka, mizimu ya watu, walikufa huko, hakuna wa kuwanyanyulia jiwe. Wewe umenyanyua. Umewaambia rudini. Wamerudi! Wanakuta kwao hakuna, wanaingia kwa yule aliyebeba." Akalielekezea kidevu jiwe jeupe. "Na huyu mdogo kakuta mama. Wakubwa wataondoka. Huyu hataki."

Fatu akauliza kwa sauti ya chini sana, "Bibi, mwanangu atapona?"

"Mawe yarudi yote, kesho, jua likiwa bado lipo. Kila mmoja abebe aliyoyabeba. Na hilo jeupe alirudishe mwenye kulishika, kwa mkono wake yeye. Lile likirudi, mwenyewe anarudi. Lisiporudi, mimi sina dawa."

Usiku ule Wenceslaus alipiga simu kuuliza kama ngazi ziko tayari, maana wageni walikuwa wanafika keshokutwa.

"Nazibomoa," Mikidadi akasema.

"Unabomoa nini? Mikidadi, niandike sababu gani?"

"Andika unavyotaka. Mimi nina mtoto mmoja tu."

Asubuhi walizing'oa. Mchana mzima vijana walipanda na kushuka, mawe vichwani, bila mzaha hata mmoja, na safari ya mwisho Mikidadi alimbeba Raudha mgongoni, Fatu akifuata, Bi Hadija mbele na kopo lake. Bibi alikuwa ameonya mtu asigeuke nyuma. Walipopita korongo, nyuma yao miguu ikaanza kusikika, miguu peku juu ya majani makavu, kwanza michache, kisha mingi, ikienda kwa hatua moja kama inavyokwenda miguu ya watu waliofungwa pamoja, na pumzi zao zilikuwa za watu waliokuwa wamefika nyumbani wakatolewa tena, na mmoja alikuwa analia kiume, kwa kujizuia, na Mikidadi akahisi aibu kubwa kuliko hofu, akataka kugeuka awaombe radhi, lakini mgongoni mtoto wake alikuwa wa baridi kabisa, na jua lilikuwa limebakiza upana wa mikono miwili juu ya miti, kwa hiyo akakaza mwendo.

Juu pale kila mmoja alirudisha yake. Bi Hadija akapiga magoti, akamimina unga wa mtama polepole kutoka kiganjani mpaka ukasimama wenye ncha, akazungumza na wale wafu kwa Kimwera, akawaita wajukuu na mababu kwa pamoja, akawaambia waliokosewa wamekosewa na mjinga, si na adui.

"Mtoto sasa," akasema.

Mikidadi akamshusha Raudha. Mtoto akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akautoa umefumba ngumi, akaupeleka juu ya lundo, akaufumbua. Jiwe likalia, ka.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

Ghafla harufu ya bahari ikakatika. Msitu ukanyamaza, kisha ndege mmoja akalia, halafu wengine. Fatu akaanza kulia kwa furaha. Jua lilikuwa limezama na kila mtu alitaka kushuka, na Mikidadi alikuwa wa kwanza kutaka. Mtu ambaye miaka sita alikuwa hapiti kisiki bila kukikagua, ambaye kibao kikipinda kidogo anarudi kukinyoosha, hakupiga hata hatua mbili kwenda kuangalia jiwe gani limewekwa.

Nyumbani Raudha alikula sahani mbili za ugali kwa mbaazi, akaomba ya tatu. Alama ya shingoni ilianza kufifia. Usiku alilala amekamata pindo la kanga ya mama yake, na kila Fatu alipojigeuza, alikuta kale kamkono kamekaza. Fatu aliwaambia majirani kwamba mwanawe amepona na amerudi na mapenzi maradufu. Jioni ya pili Mikidadi alisimama kwenye mkorosho wa kwanza, akanyoosha begi. Mtoto alimwangalia kutoka mlangoni, hakusogea.

"Mwache bwana, hana nguvu bado," Fatu akasema.

Siku ya tatu Mikidadi alipanda mlimani, kwani Bi Hadija alikuwa amemwagiza aende akauangalie unga. Ukimwagika, wamekataa. Ukisimama, wamekubali. Aliukuta umesimama na ncha yake, hata sisimizi hawakuugusa. Akacheka peke yake kwa sauti, akakaa chini, akafuta uso kwa kofia. Wamekubali. Akainuka kulishukuru lundo, basi tu, kwa heshima, na ndipo akaliona jiwe lililokuwa juu kabisa.

Lilikuwa jeusi, na katikati lina mshipi mweupe.

Mikidadi alilitambua mara moja. Alisoma kibao chake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, kama vile hakukiandika yeye. Kila aliyepita hapa kwenda pwani aliweka jiwe lake. Mkono ukamtoka wenyewe kwenda kulichukua, ukafika hadi vidole vikahisi ubaridi wake, na hapo akakumbuka nyayo za kwenye ngazi, na puu, na ile pumzi, na sauti iliyoita mama kutoka mikoroshoni. Wote wale walinyanyuliwa mawe wakaja, naam, lakini walikuja hivyo, wakiwa wafu. Na akiliacha, basi mtoto wake bado yuko njiani, anatembea, amebeba, pengine anaamini baba anakuja nyuma. Akaurudisha mkono. Akageukia upande wa pwani, akaita, "Raudha!" Akaita mpaka koo likakauka. Vilima vikamrudishia jina, basi.

Alifika nyumbani magharibi. Uwanjani mtoto alikuwa anacheza mdako mbele ya kishimo, kimya, bila utani, na jiwe lililopanda na kushuka mkononi mwake lilikuwa jeupe. Fatu alikuwa amekaa karibu yake anachambua mbaazi, anamtazama kwa uso wa mtu aliyerudishiwa uhai. Mikidadi akasimama kwenye mkorosho wa kwanza. Akavua begi begani, akalinyoosha.

"Mwanangu," akasema, "njoo unipokee."

Mtoto akalidaka jiwe, akalifumba kiganjani. Akaliangalia begi kwa muda mrefu, akaangalia mkanda wake, kisha akasogea akajibanza ubavuni mwa Fatu.

"Mimi sibebi tena, baba," akasema kwa upole.

Fatu akaangua kicheko. "Umemsikia mvivu huyu! Ndiyo deko hiyo, tumemdekeza wenyewe." Akaweka ungo chini, akainuka, akaja kumpokea mumewe mzigo, bado anacheka, na Mikidadi akamkabidhi begi.